Makao Makuu ya Basili Bura

Ukifika Mbulu mjini ukaulizia kwa Basili Bura, watu watakuna kichwa. Akina Bura wako wengi, na akina Basili nao si haba. Lakini ukiulizia kwa Mkuu wa Mkoa, hata mwendesha bodaboda aliyeanza kazi juzi atakupeleka bila kusita. Atakushusha mbele ya jengo la matofali ya kuchoma lenye kibao kilichopauka, atapiga honi na kuondoka huku anacheka. Kisha atatoka mzee mrefu, mwembamba, ndani ya kaunda suti ya rangi ya majivu iliyoshonewa mtu mfupi kuliko yeye, naye atakunyoshea mkono. "Karibu Makao Makuu," atakuambia. "Mkuu wa Mkoa ndiye mimi. Mkoa wenyewe ulipita hapa ukaenda Babati, lakini mimi bado nipo."

Jina hilo alijipa mwenyewe. Alijua kwamba watu wangempa jina tu, apende asipende, akaona heri awahi yeye.

Kabla ya kuwa Mkuu wa Mkoa, Basili alikuwa tarishi kwenye ofisi za wilaya. Alibeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile, na saa ya chai alipeleka birika. Chai yake ya maziwa ilisifika jengo zima. Wakubwa walikuja, wakahamishwa, wakaja wengine, na birika likabaki mkononi mwa Basili. Kwa kuwa aliingia wakati watu wazito wanazungumza, na hakuna mtu anayekatiza maneno yake kwa sababu ya mleta chai, polepole alianza kuamini kwamba anaijua serikali kwa ndani. "Serikali naijua," alipenda kusema. "Nimeipikia chai." Siku hizi hukiri kwamba kitu pekee alichokijua kuhusu serikali ni kwamba inapenda sukari nyingi.

Miaka ya tisini mambo yakageuka. Duka la ushirika, ambalo sabuni yake ilipatikana kwa foleni na kufahamiana, likafungwa, na ubavuni mwake yakafunguliwa maduka ya watu binafsi yenye sabuni za kila rangi. Serikali nayo ikajitazama ikaona ina watu wengi mno, na kwamba birika linaweza kubebwa na mtu yeyote. Basili akapunguzwa kazini. Walimpa kiinua mgongo, wakampa mkono wa kwa heri, na bosi mmoja aliyekuwa anahama akamwachia ile kaunda suti. Basili aliivaa siku hiyohiyo, mikono yake ikaishia karibu na viwiko, akatoka ofisini kama mtu aliyepandishwa cheo.

Soko huria lilimpokea kwa robota la mitumba. Mbulu ni baridi. Mwezi wa Juni mtu hatoi mkono nje ya blanketi mpaka awe na sababu. Basili akafikiri, akapata jibu: masweta. Alikwenda Arusha, akachagua robota kubwa kwa kulipapasa kwa nje, akajiridhisha kwamba ni laini, akalipakia kwenye basi. Alilifungua gulioni mbele ya watu ili wagombanie vizuri. Ndani hamkuwa na sweta hata moja. Zilikuwa nguo za kuogelea, za kike, za rangi ya machungwa na kijani, nyingine zina maua makubwa. Watu wa Mbulu, ambao kwao hata kunawa uso asubuhi ni jambo la kujikaza, walizitazama kwa heshima kisha wakaenda kununua vitunguu. Mke wake, Verediana, alizishona zikawa mifuko ya kuwekea mbegu za maharage, na mpaka leo mbegu za nyumba ile hukaa ndani ya maua hayo. Hadithi hiyo Basili huisimulia amesimama, ili aonyeshe vizuri alivyoinua nguo ya kwanza hewani akidhani ni sweta la mtoto.

Basi alikuwa ameshachekwa na soko wakati habari zilipoanza kuvuma kwamba Mkoa wa Arusha ni mkubwa mno na utagawanywa. Mbulu, Hanang, Babati, Kiteto na Simanjiro zingekuwa mkoa wao. Kwenye hoteli ya chai karibu na stendi hakukuwa na mazungumzo mengine. Mkoa utaitwaje? Makao makuu yatakuwa wapi? Hilo la pili Basili hakuliona kuwa swali.

"Mbulu ina boma tangu Mjerumani," alisema, amesimama katikati ya meza. "Mbulu ina baridi, na mtu mkubwa hawezi kufikiri huku anatokwa jasho. Babati kuna nini? Njia panda na mbu."

Fundi mmoja wa baiskeli akasema kwamba Babati iko barabarani.

"Barabara!" Basili alimjibu. "Serikali haitafuti barabara. Barabara ndiyo inayotafuta serikali."

Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe kiasi kwamba aliyarudia nyumbani mara tu alipofika. Verediana alimtazama, akamuuliza kama ameshakula.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Mkoa ukija Mbulu watakuja wakubwa, wahasibu, madereva na wageni wa wageni, na wote hao watataka mahali pa kulala. Kwa hiyo yeye atakuwa na gesti, tena itakuwa imekamilika kabla tangazo halijatoka, ili wakishuka tu kwenye magari waikute inawasubiri. Kiwanja alikuwa nacho. Kilichokosekana ni mtaji, na mtaji wake ulikuwa Balangdalalu, chini kule Hanang, unakula majani kwa Hermani.

Kwa watu wa Mbulu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwake. Malisho ya milimani ni haba, na ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja huweza kulimaliza. Lakini kuna sababu kubwa zaidi: ng'ombe wako akiwa kwa mwenzako, ninyi wawili hamwezi kusahauliana. Zamani, watu wa kwao Hermani walipokuwa wanashuka kwenda Hanang kutafuta mashamba, baba yake Basili aliwapa ng'ombe jike mmoja wakaanzie maisha. Aliyepewa anachunga, anatibu, anakamua na kutumia samadi, na mwenye mali anabaki kuwa mwenye mali. Wazee walifariki, ng'ombe wakaongezeka, na Hermani akaendelea kuwatunza kwa ajili ya Basili. Wao wawili walitahiriwa pamoja, wakalia pamoja wakati hakuna anayewaona, na hakuna aliyewahi kumsema mwenzake kwa hilo.

Kila baada ya mavuno Basili alishuka kumtembelea. Hermani alimpa kigoda, mkewe Oliva akaleta kibuyu cha maziwa, kisha Hermani akaanza kutoa habari za ng'ombe tangu yule wa kwanza: nani alimzaa nani, nani alikufa kwa ndigana, ile homa ya kupe, nani yuko kwa jirani kwa muda. Mtu aliyesimama hapewi habari za ng'ombe. Ndivyo ilivyo kwao. Na mwenye mali akitaka kuwachukua ana haki, ila inatakiwa awe na haja ya maana, aje na asali, akae, aiseme haja yake, na akiondoka amwachie mtunzaji mtamba mmoja, asibaki na zizi tupu.

Basili aliyajua yote hayo. Alikuwa na haraka tu.

Alifika Balangdalalu asubuhi, amekaa mbele kwenye lori pamoja na Maximilian, mnunuzi aliyezunguka minada yote ya Hanang. Alikuwa amevaa kaunda suti na hakubeba asali. Hermani alikuwa zizini. Alipomwona rafiki yake anashuka alifurahi, akamwita Oliva alete kigoda na kibuyu. Vikaletwa. Basili akatazama saa.

"Leo sikai, rafiki yangu," alisema. "Lori lina safari nyingine. Nimekuja kuchukua ng'ombe."

"Kuna msiba?" Hermani aliuliza.

"Hapana."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Kuna mkoa."

Hermani hakuelewa. Basili akamweleza mbiombio, serikali inakuja, gesti, wakubwa, wahasibu, na Hermani alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kigoda mkononi.

"Sawa," alisema. "Ni wako. Lakini kaa kwanza nikupe habari zao."

"Utanipa siku nyingine."

"Basili. Hata kukaa?"

Maximilian akapiga honi. Ng'ombe walipandishwa wote waliokuwa zizini, pamoja na mtamba mmoja mwekundu ambaye Oliva alikuwa amemzoesha kulamba chumvi kiganjani mwake. Huyo alipandishwa wa mwisho, akawa anageuza shingo kumtafuta mama wa chumvi. Oliva aliingia ndani. Hermani alibaki mbele ya zizi tupu, kigoda bado mkononi, na lori lilipoondoka Basili alimpungia mkono dirishani. Ndiyo, alimpungia mkono, kama kiongozi aliyemaliza ziara.

Gesti ikajengwa. Ilikuwa na vyumba vitano, na kila chumba kilipewa jina la wilaya moja ya mkoa mpya. Chumba cha Mbulu kilikuwa kikubwa kuliko vyote, chenye sofa na pazia la kumeta, kwa ajili ya Mkuu wa Mkoa mwenyewe atakapokuja kabla nyumba yake haijakamilika. Hanang na Kiteto vilitazama barabara. Simanjiro kilivuja tangu mvua ya kwanza. Chumba cha Babati kilikuwa kile kidogo cha mwisho, upande wa nyuma, chenye mlango wa kutokea uani karibu na karo la kufulia. Basili alichagua jina hilo kwa makusudi na alicheka sana fundi alipokuwa analiandika mlangoni. Aliweka pia choo cha kukaa, kilicholetwa kutoka Arusha kimezungushiwa magodoro. Mtu aliyekataa kukaa kwenye kigoda cha rafiki yake aliwaita majirani waje waone choo cha kukaa.

Siku ya kupandisha kibao alikuwa juu ya ngazi na mchoraji. Kibao kilisomeka MAKAO MAKUU GUEST HOUSE, na mchoraji alikuwa anamalizia kupaka kivuli kwenye herufi ya mwisho. Basi la kutoka Babati likapita kuelekea stendi, na kondakta, aliyening'inia mlangoni, akawapigia kelele watu wa barabarani kwamba redio imesema. Mkoa ni Manyara. Makao makuu ni Babati.

Mchoraji aliuliza kama aendelee na kivuli. Basili akamwambia amalizie tu, kazi isiachwe nusu. Kisha akabaki pale juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alijua akishuka itabidi aanze kuishi na jambo hilo. Chini walikuwa wamesimama Verediana, majirani, na yule fundi baiskeli aliyesema habari ya barabara. Hakuna aliyemcheka. Hilo lilimtisha. Basi akiwa palepale juu ya ngazi alinyoosha koti lake, akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi, mimi Mkuu wenu wa Mkoa naomba kuwatangazia kwamba mkoa umepotea njia." Hapo wakacheka mpaka wakashikana mabega, naye akashuka salama.

Tangu siku hiyo alicheka yeye kwanza kabla ya mtu mwingine. Wageni walikuwa wachache, wengi wao waliokwama kwa ubovu wa basi. Wakati vitunguu saumu vya Mbulu vilipoanza kutafutwa na wafanyabiashara kutoka mbali, wakulima walihitaji mahali pakavu pa kuvitunza wakisubiri bei, na Basili akawakodisha vyumba. Kiteto kikajaa vitunguu saumu mpaka dirishani. Mgeni aliyelala Hanang, ukuta wa pili, aliamka amekolea kiungo. "Asubuhi njema," Basili alimwambia. "Mkoa mzima umekutembelea." Lakini chumba cha Babati alikifunga kwa kufuli na hakumpa mtu, hata siku moja ya sherehe za shule gesti ilipojaa. Alisema kwamba Babati imeshapata ya kutosha.

Kwake nyumbani chai ilikuwa ya rangi. Ng'ombe hakuwa nao tena, na maziwa ya kununua yalikuja mara mojamoja. Mpika chai ya maziwa aliyesifika wilaya nzima alikunywa chai nyeusi na mkewe, asubuhi na jioni, na alikuwa na mzaha kuhusu hilo pia.

Kitu ambacho hakuwa na mzaha nacho ni Hermani. Hermani hakukanyaga Mbulu tena. Hakutuma salamu, wala hakutoa maneno mabaya, maana watu wa Balangdalalu waliokuja mnadani walipoulizwa walisema tu kwamba hajambo. Mavuno yalipita, na Basili hakushuka. Mavuno mengine yakaja, aibu ikawa nzito zaidi, na kila mwaka aliokosa kwenda ulifanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi. Alimkosa yule mtu. Alimkosa sana, na hakumwambia yeyote.

Ikawa hivyo mpaka jioni moja alipopanga gesti mzee wa Katesh aliyekuwa na shauri la shamba. Mgeni aliuliza maana ya kibao, na Basili, kama kawaida yake, akasimama akaanza. Alimpa birika, alimpa robota, alimpa barabara inayotafuta serikali, alimpa ngazi na kondakta. Mgeni alicheka mpaka akaomba maji. Verediana alikuwa ameleta chai, ya rangi, na alisikiliza akiwa ameegemea mlango, kama alivyosikiliza mara nyingi sana.

"Na ya Hermani," alisema, "mbona hiyo huwa huisimulii?"

Basili alibaki amenyoosha mkono hewani, palepale alipokuwa anaonyesha mchoraji.

"Yote unayojicheka nayo hayakumuumiza mtu ila wewe," Verediana aliendelea, kwa upole, huku anamimina. "Hiyo moja unairuka. Nenda ukakae, baba. Si mbali hivyo."

Mgeni akatazama kikombe chake. Basili akasema anakwenda kuangalia kama Simanjiro inavuja, ingawa ilikuwa kiangazi.

Wiki hiyohiyo alishuka Balangdalalu kwa basi, na kutoka stendi akatembea kwa miguu na galoni la asali. Kaunda suti aliivaa kwa sababu hakuwa na nguo nyingine ya maana. Njiani alipanga maneno, akayapanga upya, na alipoiona nyumba ya Hermani yote yakamtoka.

Hermani alikuwa anarekebisha ua wa miiba wa zizi. Amezeeka, Basili alifikiri, na papo hapo akajua kwamba mwenzake anamtazama na kufikiri hivyohivyo. Walisalimiana. Walijuliana hali, za nyumbani, za mvua, salamu zilizo kamili bila kupunguza hata moja. Kisha Hermani akageukia miiba yake. Hakumwita mtu alete kigoda.

Basili alisimama kidogo. Halafu akakunja magoti, moja kisha la pili, akakaa chini mavumbini na kaunda suti yake.

"Nimekuja kukaa," alisema.

Hermani aliendelea na ua wake. Alichomeka mwiba, akachomeka mwingine. Na Mkuu wa Mkoa, ambaye hajawahi kuchagua vizuri robota, makao makuu wala mahali pa kuweka makalio, akagundua kwamba amekaa juu ya njia ya siafu. Walianza na kifundo cha mguu. Alijua kwamba mtu mwenye akili angesogea. Lakini aliogopa akiinuka ataonekana tena ni mtu anayeinuka, basi akang'ang'ania palepale, jasho linamtoka, anauma meno, huku siafu wakimpanda bila kujali cheo.

Oliva ndiye aliyetoka ndani akamwona anavyotetemeka. Alitazama chini, akaelewa, na kicheko kikamtoka kabla hajaweza kukizuia. "Jamani, Hermani, analiwa!" Akarudi ndani mbio, akaja na kigoda, kilekile, kimeng'aa kwa miaka, akakiweka kivulini. Basili alihamia huko akijipukuta mapaja, na Hermani alikuwa amegeukia pembeni, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Kibuyu kikaletwa. Hermani akaketi mbele yake, akangoja mpaka Basili alipokunywa, kisha akaanza pale panapoanziwa, na ng'ombe yule mmoja aliyetolewa na baba yake Basili. Alitaja ndama wake wa kwanza na aliyemfuata, waliokufa na walichokufa nacho, mpaka akafika kwenye siku ya lori.

"Hao walipanda lori," alisema. "Habari zao unazo wewe."

"Waligeuka choo cha kukaa," Basili alimjibu. "Nimekaa juu yao miaka yote hii, Hermani. Hakikaliki."

Hermani alitikisa kichwa polepole. "Walipanda wote," alisema, "isipokuwa mmoja. Alikuwa kwa Gidabuday, yule Mbarbaig wa upande wa ziwani. Nilimpeleka kwa sababu ya ukame. Nilitaka nikuambie siku ile. Ungekaa, ningekuambia."

Basili alishusha kibuyu.

"Nilikuwa na hasira," Hermani aliendelea. "Nikasema, akija kukaa, nitamwambia. Sikuficha, nilingoja tu. Hukuja. Akazaa, na watoto wake wakazaa." Akaelekeza kidole zizini. "Ni hao."

Kulikuwa na ng'ombe zizini, wanacheua, mmoja wao mtamba mwekundu mwenye mimba. Basili aliwatazama, na kichwani mwake jambo likaja lote kwa pamoja. Angekaa siku ile angeambiwa, na angeambiwa angemzungusha Maximilian mpaka kwa Gidabuday na kumpandisha na yule pia. Leo angekuwa sofa, au pazia la kumeta. Utovu wake wa adabu, ule aliouonea haya miaka yote, ndio uliomficha ng'ombe huyu asionekane na mpumbavu. Alitaka kulitolea mzaha. Alifungua kinywa, na badala ya mzaha machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yashuke.

"Ni wako," Hermani alisema. "Utaleta lori?"

"Ng'ombe wangu niliwachukua wote," Basili alisema alipoweza. "Wote, mpaka yule wa chumvi ya Oliva. Hawa mimi siwajui. Hawa ni wako."

Oliva alikuwa mlangoni na hakusogea.

"Verediana anakunywa chai gani siku hizi?" Hermani aliuliza.

"Ya rangi."

Hermani akainuka, akaingia zizini, akatoka akimvuta yule mtamba mwekundu kwa kamba. "Kama ni wangu," alisema, "naweza kumpa mtu ninayemtaka akamtunze. Mchukue. Kamua. Akizaa, utakuja ukae unipe habari zake."

Basili hakutafuta lori. Alirudi Mbulu kwa miguu akimswaga mtamba wa watu, siku kadhaa, kupitia Basotu na Dongobesh, suti imejaa vumbi na miguu imevimba kwa siafu. Kila nyumba iliyomkaribisha kukaa alikaa, na palipokuwa na maziwa alikunywa. Alipoingia mjini watu wa stendi walimpigia makofi, wakamuuliza Mkuu wa Mkoa kama ametoka ziarani. Akawaambia ndiyo, na kwamba huyu ni mgeni wa serikali, hivyo wapishe njia.

Zizi hakuwa nalo, gesti ilikuwa imejaa vitunguu, na baridi ya jioni ilikuwa imeshaanza. Verediana alitoka na taa, akamtazama ng'ombe, akamtazama mumewe, akapitisha kiganja shingoni mwa ng'ombe. Kisha akaenda akaleta ufunguo. Ndivyo chumba cha Babati, kile cha nyuma chenye mlango wa uani, kilivyofunguliwa kikatandikwa majani makavu, na makao makuu yakapata mkazi.

Chai ya nyumba ile sasa ni ya maziwa, na ukilala hapo utapewa. Ukimuuliza Basili kama ng'ombe ni wake atakuambia hapana, ni wa Hermani wa Balangdalalu, yeye anamtunzia tu. Kila baada ya mavuno hushuka kupeleka habari zake. Na usiku wa mazungumzo atakusimulia birika, robota, barabara na ngazi, yote amesimama, akirusha mikono na kuigiza. Lakini akifika kwenye ya Hermani, atavuta kigoda, akae kwanza.